Mwongozaji Aliyetukataza Kutazama Juu

Kabla hajakuonyesha msikiti, Mwalimu alikukalisha kwanza. Aliishi Point, mjini Durban, ghorofa ya nne ya jengo kuukuu karibu na bandari, na matembezi yake yalianzia pale sebuleni, juu ya meza ya chai. Kikombe kilichofunikwa kisahani kilikuwa msikiti mkubwa wa Grey Street. Birika lilikuwa kanisa kuu la Wakatoliki lililo jirani nao. Kopo la sukari lilikuwa sinagogi la zamani, na kati ya kikombe na birika alilaza kijiko: ule ndio uchochoro wenye paa, wenye maduka huku na huku, ambao ukiingia kwa mlango mmoja unatokea kwa mwingine. Akishamaliza kupanga vyombo, alieleza kila kitu, kuanzia kuba za dhahabu na mnara hadi vioo vya rangi vya kanisani na nyota ya Wayahudi juu ya mlango. Uliuliza maswali yako yote hapo hapo, huku chai ikipoa. Kisha mkashuka ngazi, na mkishafika barabarani hakuna aliyeruhusiwa kufungua kinywa.

Wala kutazama juu. Hilo ndilo lililowashangaza wageni kuliko yote.

"Mutu mwenye kuangalia juu, ule ni mugeni," alituambia. "Batu ba hapa banaangalia simu, ao banaangalia njia."

Basi tulitalii macho chini, wawili wawili, tukiachana hatua kadhaa kama watu wasiojuana. Ukifika penye kuba uliiba jicho mara moja, ukaendelea. Mara ya kwanza nilikwenda na shangazi yangu aliyekuwa amekuja kunitembelea kutoka Kitale. Mwanamke wa saluni aliyekuwa akinisuka nywele ndiye aliyenielekeza kwa Mwalimu, akisema hakuna anayeujua mji wa kati kama yeye. Tulipofika kona ya Grey Street shangazi alinivuta mkono akaniuliza kwa mnong'ono kama alikuja kutalii au alikuja kuzika. Nilimfinya anyamaze. Nilikuwa nimekaa Durban miaka ya kutosha kujua kwamba Mwalimu hakuwa akifanya mchezo.

Lakini ndani ya milango alikuwa mtu mwingine. Uani mwa msikiti, viatu vikiwa vimeachwa rafuni na mzee wa pale akiwa ameshatukaribisha, Mwalimu alisimama wima, mabega yakafunguka, akaanza kufundisha kwa sauti ya chini iliyofika kila sikio. Alikuwa mwalimu wa historia huko kwao Uvira, Kongo, na darasa lilikuwa halijamtoka. Alikuwa na kofia moja ya kitambaa ambayo aliivaa msikitini, akaivua kanisani, na akaivaa tena tulipofika chini ya ile nyota. Aliwafunza wageni hayo kabla ya jambo lingine lolote. Mungu ni moja, alisema, akichanganya Kifaransa chao, mais kila nyumba iko na sheria yake.

Nisimpake mafuta. Mambo mengi aliyofundisha hayakuwa kweli. Kuna kisa chake cha mafundi wa msikiti na mafundi wa kanisa waliosaidiana wakati wa ujenzi. Mara ya kwanza nilikisikia kikiwa cha ngazi: Waislamu waliwaazima Wakristo ngazi. Mwaka uliofuata ngazi imekuwa maji ya kisima. Baadaye tena nikasikia kwamba fundi mmoja alianguka kutoka kwenye mnara na akaombewa kwenye nyumba zote tatu, kila nyumba ikidhani ni wake. Nilimuuliza faraghani ni kipi hasa kilichotokea. Alinijibu bila kuona haya kwamba ni kile ambacho wageni wa siku hiyo walikipenda, kwa sababu somo lisilokumbukwa ni sawa na ambalo halikufundishwa. Mimi nafundisha chuo kikuu, na nikisema neno kama hilo mbele ya wenzangu watanifukuza.

Lile sinagogi lilikuwa limeacha kuwa sinagogi zamani. Wenye jengo walilikodisha kwa kanisa la Wakongo, na Mwalimu alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa hilo, msomaji wa neno kila Jumapili. Hapo ndipo alipokuwa simba. Pasta alipotaka kuifunika ile nyota kwa bango lenye jina la kanisa, Mwalimu alisimama kwenye kikao akakataa. Alisema aliyejenga nyumba hawezi kufutwa jina na mpangaji. Kikao kilichukua mchana mzima, watu wakapandishiana sauti, na mwishowe bango likawekwa chini ya dirisha na nyota ikabaki. Siku hiyo hiyo, wakati wa kurudi nyumbani, mkewe alimwona akivuka barabara mara mbili ili kukwepa kijana aliyekuwa amekaa tu kwenye ngazi za duka akila viazi.

Maana Mwalimu alikuwa mwoga, na simsengenyi, yeye mwenyewe alilitangaza. "Miye niko mwoga," ndivyo alivyojitambulisha kwa wageni, kama wengine wanavyosema wao ni wahandisi. Kwenye taksi, yaani matatu za huku, hakuwahi kumwambia dereva ashushwe wapi. Angesema, watu wangesikia matamshi yake, wangejua ni mgeni. Alisubiri mtu mwingine aombe kushuka, popote pale, naye akashuka nyuma yake, hata kama ilimlazimu kurudi kwa miguu njia nzima. Kwapani alibeba gazeti la Kizulu ambalo hakuweza kulisoma. Alilinunua kila wiki, akalikunja ukurasa wa michezo ukiwa nje. Mlango ukigongwa nyumbani kwake, yeye aliingia chumbani na mkewe ndiye aliyekwenda kufungua.

Huyo mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Aliuza vitenge na mikufu ufukweni, alikisema Kizulu chenye makosa kwa sauti kubwa, na aligombana na kila mtu. Alimtania mumewe mbele ya wageni kwamba alimpata kwa urahisi sana: alimkemea mara moja tu, naye akamposa kwa hofu. Mwalimu alicheka hadi miwani ikamtoka. Alipenda kusema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na alikuwa akiwaonyesha wageni chumba chake, sufuria jikoni na mke wake, kama ushahidi. Mashujaa aliosoma nao, alisema, wote wako chini ya udongo.

Kutoka kanisani kwao alitupeleka kwenye makaburi ya zamani. Pale Wakristo, Waislamu na Wayahudi wamelala karibu karibu, wametenganishwa na vijia tu. Alipenda kutusomea mawe: huyu ametoka Surat, huyu Lithuania, huyu Uskoti, huyu Morisi. Wote walikuja kwa meli, alisema, na tazama, hakuna aliyewafukuza wakiwa wamekwisha kulala. Kisha akawaita majirani wazuri kuliko wote wa Durban. Wakati huo mtu asiye na makazi, aliyekuwa amelala kwenye majani marefu kati ya makaburi, aliinuka na kujinyoosha. Mwalimu alikuwa nyuma ya shangazi yangu kabla sisi hatujageuza shingo. Shangazi alisimulia kisa hicho Kitale mpaka watu wakamchoka.

Nami nilicheka, lakini sikuwa na haki ya kucheka sana. Nina kibali cha kazi, nina ofisi yenye jina langu mlangoni, naishi Glenwood kwenye mtaa wenye miti na wanafunzi. Pamoja na hayo, nikiwa kwenye foleni ya duka na simu ya mama yangu ikaita, naikata. Nitampigia nikiwa ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Hakuna aliyewahi kunifanyia lolote. Hofu haikungoja nifanyiwe, iliingia yenyewe, na mwaka juzi na mwaka jana ilizidi. Watu walianza kusimama kwenye milango ya zahanati wakiwauliza wagonjwa vitambulisho. Maandamano ya kupinga wageni yakawa kila baada ya muda mfupi, na kila yalipotangazwa Wakongo wa Point walifunga vibanda vyao vya simu, na mimi nilisingizia mafua nisitoke. Usiku nilisikiliza lifti ya jengo letu ikipanda, nikahesabu inasimama wapi.

Katika hali hiyo Mwalimu hakuacha matembezi. Niliwahi kumuuliza mtu mwoga kama yeye anatokaje nje. Alinijibu kwamba mwoga akijifungia ndani anakufa kwa woga, na mwoga akitoka anakufa kwa sababu nyingine, sasa bora ile nyingine. Nilidhani ni mzaha. Sasa nadhani alikuwa akiniambia jinsi alivyokuwa akiishi.

Jumamosi moja nilimpelekea kikundi cha akina mama Wakenya waliokuwa wamekuja kwa mkutano wa kanisa. Hatukuwa tumesikia habari ya maandamano yoyote. Sebuleni aliwaeleza kwa vyombo vyake kama kawaida, na aligusa kijiko mara mbili: mkisikia filimbi ao kelele, ingieni huku, mutokee kule, musiningoje. Tulipita msikitini vizuri. Kanisani akina mama walipiga magoti, mmoja akalia kidogo, tukatoka.

Tulikuwa kwenye lami, Mwalimu mbele, tuliposikia filimbi. Baada ya filimbi, nyimbo. Wenye maduka wakaanza kushusha milango yao ya chuma, mmoja baada ya mwingine. Waandamanaji walitokea kwenye kona, barabara nzima imejaa, fimbo na mabango, vijana mbele na watu wazima nyuma. Nilisukuma akina mama kwenye mdomo wa uchochoro. Nakumbuka nilijishika ukutani. Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa nyuma yetu hatua chache tu, anakuja mbio zake za mzee, gazeti kwapani.

Ndipo waandamanaji wakasimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, wakaanza kuimba wimbo wa taifa lao.

Mwalimu akasimama.

Wale ambao hawajakaa Kongo wanahitaji kuelezwa. Kule, bendera ikipandishwa asubuhi au ikishushwa jioni, filimbi inapigwa na kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo kichwani anabaki nao, dereva anazima gari. Asiyesimama anakiona cha moto kutoka kwa askari, na watu wa umri wa Mwalimu walikiona. Hata sisi Kenya tunaisimamia bendera, ingawa askari asipokuwa karibu tunaendelea na safari zetu. Mwalimu hakuweza kuendelea na safari. Filimbi ilipigwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, na mwili wake ukatii kabla hajauuliza. Alisimama katikati ya barabara, amewageukia waimbaji, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, na hatari yote iliyokuwa ikimkimbiza ikiwa mbele yake. Nilimwita kwa mkono. Nilimwita kwa jina la ualimu wake, kwa sauti, kwa Kiswahili, na mmoja wa akina mama akaniziba mdomo.

Waliimba wimbo wote. Ulipokwisha, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni alitoka kwenye kundi akamwendea moja kwa moja. Nilijua tu kwamba sasa wanamuua. Yule mtu alimtazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye kofia, akaliona gazeti. Kisha akamwekea mkono begani.

"Ngiyabonga, baba," alimshukuru, na akawageukia vijana wake akawasema kwa Kizulu. Nilichoelewa ni kwamba aliwaambia watazame mzee anavyouheshimu wimbo, maana wao waliimba huku wakitafuna.

Akamkabidhi bango. Lilikuwa kadi ngumu iliyopigiliwa kwenye mti, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba wageni warudi kwao. Mwalimu alilipokea. Kundi likaanza kutembea, na yeye akatembea nalo, bango juu, hadi nikaacha kuiona kofia yake. Sisi tulipita uchochoroni tukatokea upande wa pili, na hakuna aliyetugusa.

Kijana mmoja alikuwa amewapiga picha za video kutoka dirisha la saluni. Jioni Point nzima ilikuwa nayo kwenye simu, na Mwalimu alionekana waziwazi, anatembea na bango, na mdomo wake unaimba. Wengine walimwita Yuda. Wengine walisema alikuwa akilipwa tangu zamani kuwaonyesha watu mahali tunaposalia, na kwamba matembezi yote yale yalikuwa upelelezi. Wale waliomjua walisema ni woga tu, jamani, huyo mzee hata paka humkimbia. Wazee wa kanisa walimsimamisha kusoma neno na wakamtaka aje mbele ya watu ajieleze. Hakwenda. Jumapili zilipita, naye hakwenda, na wageni wake wakaacha kuja. Mkewe alikuwa akirudi kutoka ufukweni na kumkuta kwenye kiti kile kile alichomwacha.

Pasta ndiye aliyenipigia. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba wazee wamechoka kungoja, na Jumapili ile wataliondoa jina lake kanisani kabisa. Kwa mtu kama Mwalimu, ambaye hana ndugu wala chama wala ubalozi wa kumtetea, kanisa ndilo linalokuzika, linalokulipia hospitali, linalokuja ukikamatwa. Lakini, Pasta alisema, hakuna anayetaka kufika huko. Inatosha aseme neno moja, kwamba aliogopa. Hata si lazima aje, akuambie wewe, nami nitawasomea wazee. Nani kati yetu hajawahi kuogopa?

Niliona ni jambo jepesi. Nilikwenda siku iliyofuata, mchana, nikapanda ngazi kwa miguu. Mkewe alinifungulia, akanionyesha sebuleni kwa kidevu, akarudi kuosha vyombo. Mwalimu alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Alinipokea kwa adabu zake zote, aliuliza habari za chuo, za shangazi, akanilazimisha nikae. Nikamwambia nilichotumwa. Nilimwambia polepole, kwa kumbembeleza, kwamba hakuna anayemlaumu na kwamba hata mimi mahali pake ningelibeba lile bango, na ningeimba kuliko yeye.

Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

"Mpaka kwenye robot, ndiyo, niliogopa," alisema. "Banaimba, miye nimesimama, mukojo iko karibu kutoka. Ule baba ananipa ile bango, nakamata tu."

Nilimwambia basi ndilo hilo tu, nitamwambia Pasta hivyo hivyo.

"Ngoja, mutoto yangu. Tulianza kutembea. Tukapita soko. Nikaona polisi banatembea pembeni, banachunga njia. Donc, nikajiuliza, banachunga nani? Banachunga miye. Mama moja akaniletea maji, akaniita baba. Nikatembea katikati ya barabara, na magari yote imesimama, inaningojea nipite." Alivaa miwani tena akanitazama. "Toka nifike hii muji, ile ndiyo siku moja nilitembea bila kuogopa. Siku moja tu. Sasa unataka nisimame mbele ya Mungu niseme niliogopa?"

Jikoni maji ya bomba yalikuwa yamefungwa. Mkewe alikuwa akisikiliza.

Niliogopa pale kitini kuliko nilivyoogopa pale uchochoroni, na haikuwa kwa ajili yake, ilikuwa kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza maneno yale na moyo wangu unamwonea wivu. Katikati ya barabara, magari yote yamesimama. Nilitaka kumuuliza ilikuwaje, anieleze tena, taratibu. Niliaga.

Pasta alipiga simu kabla sijafika chini. Aliuliza kama nimemwona, nikasema nimemwona. Akauliza amesema nini.

"Amesema aliogopa," nikamwambia.

Pasta alishusha pumzi. Akasema Mungu asifiwe, Jumapili atakuja kusoma neno.